Kingamwili za Mama Sweta

Mtaani walimwita Mama Sweta, ingawa hakuwahi kuzaa mtoto wa jina hilo wala wa jina lingine lolote. Jina lilitokana na mashine yake ya kufuma, ile ndefu ya kusukuma kwa mkono, iliyokaa mbele ya dirisha la chumba cha mbele na kusikika kutwa nzima hadi upande wa pili wa barabara. Alifuma masweta ya shule: bluu iliyokoza ya shule ya kilimani, kijani ya shule ya wasichana, na maruni ya shule ya jirani, ambayo kila mwaka ilibadili upana wa mstari wa shingoni kana kwamba kuna mtu ofisini aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mpole, mwenye kupenda kuimba kwa pua bila maneno, na aliyelala vizuri kuliko watu wote wa ukoo wake. Akiweka kichwa kwenye mto, basi. Mumewe alizoea kusema kwamba nyumba ingeweza kuhamishwa naye akiwa ndani, akaamkia mtaa mwingine na kuuliza chai iko wapi.

Mume huyo alikuwa mpaka rangi, naye hakukosa jina lake. Walimwita Rangi Mbili tangu siku alipoishiwa rangi katikati ya ukuta wa mtu, akaenda kutafuta nyingine, akarudi na krimu isiyofanana na ile ya kwanza, akamalizia hivyo hivyo akiamini jua litazisawazisha. Jua halikuzisawazisha. Ukuta ule upo mpaka leo, na mwenye nyumba ameshauzoea.

Wa tatu katika habari hii ni wifi, dada mkubwa wa Rangi Mbili, msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na nguo zake zilinukia pasi. Yeye na Mama Sweta hawakuwa na ugomvi wowote, lakini hawakuwa na kingine chochote pia. Kwa miaka mingi walisalimiana kama watu wawili wanaosubiri lifti moja.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Jioni moja, akijipangusa baada ya kuoga, Mama Sweta aliona nyama za miguu zikichezacheza chini ya ngozi, polepole, kama vifaranga wanaogeukageuka chini ya kitambaa. Hapakuwa na maumivu. Alimwita mumewe aje kuona, wakakaa ukingoni mwa kitanda wakitazama miguu ile kama watu wanaotazama mvua ikianza kunyesha. Rangi Mbili aliweka kiganja juu yake, akahisi ule mtikisiko mdogo, akasema huenda ni uchovu wa kusimama. Mama Sweta alimkumbusha kwamba kazi yake ni ya kukaa.

Kisha likaja jasho, jasho la mikono na mgongo lililolowesha nyuzi hadi zikakataa kupita kwenye sindano za mashine. Alianza kupungua, sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Halafu usingizi ukaondoka. Haukupungua, uliondoka, kama mpangaji aliyehama bila kuaga.

Tunadhani mtu asiyelala haoti. Yeye aliota macho yakiwa wazi, na ndoto zake hazikungoja giza. Angekuwa amekaa mbele ya dirisha saa za mchana mweupe, barabara ikiwa na watu wake na vumbi lake, mara barabara yenyewe ingeanza kuingia ndani, taratibu, ikipita juu ya kizingiti cha dirisha kama kitambaa kinachovutwa. Masweta yalikuwa yakitembea juu yake, ya bluu na ya kijani, mikono ikining'inia, na ndani yake hamkuwa na watoto. Hayakutisha. Yalipita kwa adabu, yakageuza kola zao kumsalimia, yakaendelea kwenda. Mama yake mzazi, ambaye alikuwa marehemu, aliketi juu ya kabati la nyuzi akimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, na ganda lile lilifika sakafuni, likapita chini ya mlango, likashuka ngazi. Mama Sweta alijua fika kwamba mama yake amefariki. Hilo halikuwazuia kuzungumza.

Ajabu zaidi ilikuwa mikono yake. Katika hali ile mikono ilifanya kazi. Ilisukuma kigari cha mashine ambacho hakikuwepo, ilihesabu mishono hewani, ilipachika kola, ilikata uzi kwa meno. Mtu akimgusa bega alirudi mara moja, akatabasamu, akauliza kama alikuwa amesinzia. Akiachwa kidogo tu, mikono ilianza tena.

Rangi Mbili alipoteza matumaini akiwa amesimama. Hakujua amfanyie nini mkewe, akawa anapaka rangi. Alipaka jikoni, akapaka mlango wa choo, akapaka mpaka miguu ya meza. Hatimaye alimwendea dada yake hotelini, wakaongea kati ya mashine za kufua zilizokuwa zikinguruma, na wifi akaomba ruhusa kazini. Alihamia kwao na begi dogo na pasi yake mwenyewe.

Siku za mwanzo alibadilisha mashuka. Hakuna aliyejua mashuka kama wifi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwa uhakika kwamba jasho lile si la homa na wala si la woga, maana ameshafua ya kila aina. Lakini kilichowabadilisha wanawake hao wawili kilitokea jikoni, mchana, wakati wifi akikunja taulo. Mama Sweta alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha, macho wazi, vidole vikienda. Alikuwa akiunga kitu kirefu kisichoonekana, akivuta uzi kwa juu na kuushusha. Ghafla alisimamisha mikono na kumtazama wifi yake kana kwamba kazi imekwama kwa sababu yake.

"Wifi, hebu nishikie huu mkono," alisema. "Unanikimbia."

Wifi hakuwa mtu wa mambo ya kuigiza. Angeweza kumgutusha, kama alivyoelekezwa na kaka yake. Badala yake aliweka taulo chini, akavuta kiti, akakaa mbele yake na kunyoosha viganja viwili. Mama Sweta akaweka juu yake mkono wa sweta ambao haukuwepo, akaulaza vizuri, akaendelea kushona. Wakakaa hivyo muda mrefu. Maji yalichemka jikoni, yakapungua, na hakuna aliyeinuka. Wifi alikuja kumwambia kaka yake baadaye kwamba, kama si uwongo, mwishoni alianza kuhisi uzito wa sufu mikononi.

Kwa madaktari walikwenda kwa wengi. Walipima kila kinachopimwa. Mmoja alisema ni mawazo. Mwingine alitoa vidonge vya usingizi, na vidonge vile vilimlegeza mwili bila kumlaza, akawa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akichungulia dirishani. Wa tatu alishauri kwa sauti ya upole kwamba apelekwe kwa wagonjwa wa akili, na Rangi Mbili, ambaye hakuwahi kumjibu mtu vibaya maishani mwake, aliinuka na kutoka nje bila kufunga mlango.

Aliyesaidia ni daktari wa mishipa ya fahamu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimlaza Mama Sweta, akachoma sindano nyembamba kwenye nyama ya mguu, sindano iliyounganishwa na kompyuta yenye spika. Mguu ulikuwa umetulia, yaani umelazwa tu hauna kazi, lakini kutoka kwenye spika ulitoka mlio kama wa mafuta yanayorukaruka kwenye kikaango. Daktari alisikiliza kwa muda, ameinamisha kichwa. Kisha akamtazama wifi, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kuuliza.

"Mshipa wa fahamu ukishafikisha ujumbe unatakiwa unyamaze," alisema. "Hii yake hainyamazi. Mguuni, na ninavyoamini, kichwani pia. Huyu si mwendawazimu. Huyu amekoseshwa ukimya."

Alihisi ni ugonjwa wa nadra, wa mwili kujishambulia wenyewe. Wakatoa damu, ikapelekwa kupimwa kwa vipimo vyote vya magonjwa ya namna hiyo vinavyojulikana. Majibu yalirudi safi. Kila kipimo kilisema hapana. Daktari hakukata tamaa. Alisema kipimo hujibu swali kinaloulizwa tu, na pengine hakuna bado aliyeliuliza la Mama Sweta. Akaamua kumtibu hivyo hivyo.

Tiba ilikuwa ya kuchuja damu. Alilazwa kwenye kiti kirefu kando ya mashine, damu ikatoka mkono mmoja, ikapita ndani ya mashine iliyotenganisha chembe nyekundu na maji yake, chembe zikarudishwa mwilini pamoja na maji mengine safi, na maji yake yaliyochujwa yakajaa ndani ya mfuko uliotundikwa pembeni. Wifi alitarajia kuona kitu cheusi, kichafu. Ulikuwa mfuko mzuri tu, wenye rangi ya asali nyepesi, na mwanga wa dirisha ulipita ndani yake. Muuguzi alieleza kwamba kwa kawaida mifuko hiyo hupelekwa kuchomwa.

Hapo ndipo alipoingia mtafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya raba na koti jeupe lililokuwa na doa la wino mfukoni, akavuta kigoda akakaa chini hadi kichwa chake kikawa sawa na cha mgonjwa. Aliwaamkia, akajitambulisha, akasema anafanya kazi maabara ya jengo la nyuma, na kwamba amekuja kuomba mfuko ule usichomwe.

Alieleza bila haraka. Mwili, alisema, hutengeneza vitu vidogo mno viitwavyo kingamwili, na kila kingamwili ina umbo la kushika kitu kimoja tu: hii inashika kijidudu hiki, ile inashika kile. Lakini mara chache hutokea kundi linalokosea na kushika kitu cha mwili wenyewe. Katika mfuko ule wa asali, ikiwa daktari hajakosea, mlikuwa na kundi la namna hiyo kwa wingi.

"Linashika kitu gani?" Rangi Mbili aliuliza.

"Zenyewe zinajua," mtafiti alijibu. "Sisi ndio hatujui. Ndiyo maana nazihitaji. Nikizisafisha nikazipata peke yake, nitaziuliza."

Wifi alikuwa na maswali yake. Alitaka kujua kama vitu hivyo vitachomwa mtu mwingine, kama vitauzwa, na kama vikiisha watamfuata mgonjwa hadi nyumbani na sindano. Mtafiti alijibu moja baada ya jingine: hapana, hapana, na hapana, tena wakikataa, tiba haitabadilika hata chembe. Wifi aliguna, ikawa ni nusu ya kukubali. Nusu nyingine ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe, vidole vikicheza juu ya blanketi. Aligeuza kichwa.

"Ni hizo hizo zinazoninyima usingizi?"

"Tunaamini ndizo."

"Basi zichukue," alisema Mama Sweta. "Zimekula kwangu vya kutosha. Nazo zikafanye kazi."

Hakulala siku ile, wala iliyofuata. Baada ya kuchujwa mara kadhaa, alasiri moja akiwa kitini hospitalini, mikono yake ilisimama katikati ya mshono wa hewani. Ilikaa imeinuliwa kidogo, kama ya mtu anayesikiliza mlango ukibishwa, halafu ikashuka mapajani. Kichwa kikaegemea pembeni. Rangi Mbili, aliyekuwa akisoma gazeti la siku nyingi, aliona mikono iliyonyamaza na akapiga mbio kwenye korido kumwita muuguzi, kurasa zikimwagika nyuma yake, akisema mke wake amekufa. Muuguzi alikuja, akamwinamia mgonjwa, akamgeukia.

"Mzee, mkeo anakoroma."

Alikoroma kweli. Rangi Mbili aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, akasikiliza mkoromo ule ambao zamani alikuwa akiulalamikia kwa jirani. Wifi alimfunika mgonjwa miguu, akaenda dirishani, akasimama huko kwa muda akiwapa watu mgongo.

Nafuu haikuja kwa mstari mmoja. Palikuwa na vidonge vilivyomvimbisha uso, na dawa ya mshipani iliyozuia mwili kutengeneza kingamwili nyingine za makosa, na majuma ambayo miguu ilianza tena kucheza na nyumba nzima ikashika pumzi. Lakini usingizi ulirudi, kwanza vipande vipande. Naye Mama Sweta alianza kwenda hospitalini mwenyewe, kwa miguu, wifi akiwa pembeni kwa ajili ya mazungumzo tu.

Katika safari moja ya namna hiyo mtafiti aliwaalika jengo la nyuma. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyeupe, friji zinazonguruma, na ukutani ramani ya kitu ambacho wifi alidhani ni njia za mabasi, kumbe ni njia za seli. Mtafiti aliwaonyesha mrija wa kioo uliosimama wima, umejaa punje ndogo nyeupe. Maji ya damu humiminwa juu, alisema. Punje zinashika kingamwili na kuacha mengine yote yapite. Kisha humiminwa maji ya kuzibandua, nazo zinadondoka chini zikiwa peke yake. Aliinua kichupa kidogo kisichozidi kidole. Ndani mlikuwa na maji maangavu kama ya kunywa.

"Ndizo hizi?" Mama Sweta aliuliza. Alikuwa ametarajia zionekane.

Basi mtafiti akazima taa na kumketisha mbele ya hadubini. Alikuwa ameziweka kingamwili juu ya kipande chembamba cha ubongo wa panya, akazipaka kitu kinachong'aa ili zionekane zilipojishikiza. Mama Sweta aliinamisha jicho. Mwanzoni aliona giza tu. Kisha giza likafunguka, na mle ndani mkawa na nyuzi za kijani, nyembamba mno, zinazopishana na kuachana na kukutana tena, baadhi zenye vitone vya mwanga mahali pa kuungana, kimya kabisa, kama mji unaoonekana kutoka juu sana. Kila palipong'aa ndipo kingamwili zake zilipokuwa zimeshika. Wifi alipopewa zamu yake alitazama, akainuka, akatazama tena, akasema kwamba mfumaji wa kile kitambaa hakuwa na haraka.

Kulikuwa na jambo lingine, na mtafiti alisita kabla ya kulionyesha. Ndani ya kabati lenye joto alikuwa na visahani vya seli za neva zilizo hai, vimewekwa juu ya nyaya ndogo za kusikilizia. Kisahani cha kwanza hakikuwa kimetiwa kitu. Alikiunganisha na spika, ukasikika mpasuko hapa, kimya, mpasuko pale, kimya kirefu. Cha pili kilikuwa kimelala pamoja na kingamwili za Mama Sweta. Alikiunganisha, na chumba kikajaa mlio mfululizo, wa haraka, usio na pumzi.

Mama Sweta aliusikiliza akiwa amesimama. Wifi alisogea karibu, asijue kama ni vizuri kumwacha asikilize. Ndivyo alivyoishi miezi ile yote, na sasa mlio ule ulikuwa nje yake, ndani ya kisahani kidogo chenye kifuniko, mahali pasipo na mtu.

"Wanaumia?" Mama Sweta aliuliza.

"Ni seli tu, mama. Hazina pa kuumia. Ila zimekosa utulivu."

Mama Sweta alikiinamia kisahani.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Napajua mlipo." Kisha akamgeukia mtafiti. "Unaweza kuwaosha?"

Mtafiti alisema inawezekana kubadilisha maji, lakini kingamwili zikishashika hazibanduki upesi, itachukua muda. Haikuwa sehemu ya kazi yake ya siku hiyo. Alivaa glavu, akavuta maji ya zamani kwa mrija mwembamba, akatia mapya, akavuta tena, akatia. Mlio uliendelea vilevile. Wakaondoka. Kesho yake simu ililia nyumbani wakati Mama Sweta akipanga nyuzi, na mtafiti, bila hata salamu ndefu, akamwambia kwamba wamenyamaza.

Jibu lenyewe la kile kingamwili zilichokuwa zikikishika lilichelewa sana, na mtafiti hakuficha kwamba alishapotea njia mara nyingi. Alisaga nyama ya ubongo wa panya ikawa kama uji, akatia kingamwili humo, akaziacha zikamate zinachokitaka, kisha akazivuta nje pamoja na mateka wao na kumpeleka mateka kwenye mashine ya kumtambua. Mara alivuta vitu vingi mno, mara hakuvuta kitu. Na wakati huo akiba ilikuwa ikipungua. Vichupa vyote vilikaa kwenye droo moja ya friji ya baridi kali, na kila jaribio lilikula vingine. Alipoomba damu kidogo zaidi, Mama Sweta akanyoosha mkono bila kuulizwa mara mbili, ndani yake hamkuwa tena na kingamwili zile. Dawa zilikuwa zimefanya kazi. Damu ilikuwa damu ya kawaida, ya mtu anayelala.

Mtafiti alileta habari hiyo nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wateja, akacheka kama mtu aliyechoka. "Kwa upande wangu umepona vibaya," alisema.

Mama Sweta alichekea hilo siku nzima. Lakini jioni alimwuliza wifi yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alimwuliza kama ni dhambi kuyakumbuka yale masweta yaliyokuwa yakitembea. Hakutaka ugonjwa urudi, la hasha, hata kwa saa moja. Ila mama yake alikuwa akija mchana kabisa, akimenya chungwa, na sasa alikuwa haji hata usingizini, kwa kuwa Mama Sweta amerudi kulala kama gogo na haoti kitu.

Wifi alifikiri. "Si dhambi," alisema. "Mimi naukumbuka ule mkono wa sweta. Sijawahi kukushikia sweta lenye uzi."

Kwa vichupa vilivyobaki mtafiti alibadilisha njia. Alitumia seli zilizo hai badala ya nyama iliyosagwa, akaziacha kingamwili zishike zikiwa juu yake kwanza, kisha ndipo akavunja seli. Safari hii mateka alikuwa mmoja tu. Ilikuwa protini ndogo inayosaidia mshipa wa fahamu kutulia baada ya kupeleka ujumbe, kitu kinachokaa palepale kwenye vile vitone vya kijani. Ili kuhakikisha, alitengeneza seli zilizobeba protini hiyo peke yake na kuzimwagia kingamwili za Mama Sweta. Zikang'aa. Akamwagia damu ya watu wazima wa afya. Giza. Kwa hiyo sasa palikuwa na swali jipya la kuuliza damu ya watu, na yeyote mwenye ugonjwa ule angeweza kuulizwa.

Wa kwanza kupatikana alikuwa mwanamume wa mji mwingine, dereva wa kreni, aliyekuwa amefungiwa wodi ya wagonjwa wa akili kwa zaidi ya mwaka kwa kuwa mchana kutwa alivuta vishikio hewani na kuwaamrisha watu wasiokuwepo wasogee. Damu yake ililetwa. Iling'aa kama ya Mama Sweta. Ili kuondoa shaka, mtafiti alizitanguliza kingamwili za Mama Sweta juu ya seli, halafu akatia za dereva, na hizi zikakosa pa kushika, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Ulikuwa mlango uleule. Yule bwana alitolewa wodini, akachujwa damu, na baada ya miezi kadhaa mke wake alimpigia Mama Sweta simu. Hawakuwa na mengi ya kusema. Mke yule alisema mumewe yuko usingizini hapo alipo, na kama anataka kusikia. Akaisogeza simu. Mama Sweta alimwashiria Rangi Mbili anyamaze na brashi yake, akasikiliza.

Mtafiti alikuja mara nyingine, alasiri, kuwaambia kwamba droo imekwisha. Kichupa cha mwisho kilikuwa kimetumika, na hakikuhitajika kingine, kwa kuwa kipimo sasa kilikuwa kimesimama chenyewe. Alikuwa ameleta pia ombi lake binafsi: maabara ina baridi, alitaka sweta, la rangi yoyote. Mama Sweta alimpima mabega na urefu wa mkono, akamwambia akae kwenye benchi achague uzi.

Alipogeuka kutoka kabatini na mabonge mawili mikononi, mtafiti alikuwa ameegemea gunia la sufu, kichwa pembeni, viatu vyake vya raba vimevuka kimoja juu ya kingine. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mama Sweta aliyaweka mabonge chini. Alikwenda kwenye mashine, akaondoa mkono kwenye kigari kabla hakijalia, akakaa.

Wifi aliingia kutoka kazini akiongea tangu ngazini, habari za mteja aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya foronya. Mama Sweta aliweka kidole mdomoni. Wifi akaona, akavua viatu mlangoni, akaja kuketi karibu naye. Wakazungumza kwa kunong'ona kuhusu kola, iwe ya duara au ya kukunja, hadi jua likaondoka dirishani, na hakuna aliyetaka kumwamsha.